Vuli Tuliyokwenda kwa Miguu

Jumatatu, 1 Oktoba 1990

Petroli imepanda tena. Mume wangu Khalfani alisikia redioni jana jioni, na leo alfajiri nilipotoka uani nikakuta Pijo letu limefunikwa turubai mpaka kwenye magurudumu, kamba nne zimekazwa kama mzigo unaopelekwa bara.

"Kuanzia leo tunatembea," akasema.

Nilidhani mzaha. Gari lile tunalo tangu mwanetu Anwar ana miaka mitatu, na sasa Anwar yuko Tabora anasomea ualimu. Kila Ijumaa mume wangu hulipangusa kabla ya kwenda msikitini. Ndilo linalotutoa hapa Kipawa asubuhi, likaniacha mie shuleni Temeke, kisha likampeleka yeye ghalani, mtaa wa pili, ambako ni karani wa stoo. Basi la moja kwa moja hakuna. Inabidi uingie mjini kwanza, ushuke, upande jingine utoke tena. Kwa miguu, ukikata kwa Vituka na kuvuka reli, ni saa moja na nusu.

Tumetembea. Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Kila siku nawaambia wanafunzi waandike habari za siku yao. Nimeona na mie nijaribu.

Jumatano, 3 Oktoba

Jana Maulidi, tulipumzika. Leo limetokea jambo ambalo naona haya kuliandika, lakini daftari ni langu.

Tulipoacha barabara na kuingia kijia cha Vituka, kiza hakijaisha vizuri, Khalfani alinishika mkono. Alinishika hasa, vidole ndani ya vidole. Katika miaka ishirini na minne ya ndoa yetu mume wangu hutangulia hatua tatu, mie nafuata nyuma na mkoba wangu. Ndivyo alivyotembea baba yake, ndivyo wanavyotembea wanaume wote wa kwao.

"Watu watatuona," nikasema.

"Watuone. Kwani wewe si mke wangu?"

Umande ulikuwa umelala juu ya majani ya mihogo, na ukungu umejaa bondeni mpaka minazi ikaonekana inaelea, haina mashina. Nilikwenda kama mtu anayetembea usingizini. Sikumbuki kama miguu iliniuma.

Ijumaa, 5 Oktoba

Mkono tena. Kwenda na kurudi.

Jumanne, 9 Oktoba

Mwalimu Kokuberwa ametuona. Yeye anafundisha darasa la nne, ni mtu wa Bukoba, na huja kazini kwa baiskeli kutoka Mtoni, pindo la gauni kalibana kwa pini. Alitupita karibu na shule, akapunguza mwendo, akatazama, akaondoka. Wakati wa chai akanikaribia.

"Mwanakombo, mmeoana upya?"

Nilicheka mpaka kengele ikalia, na hata darasani nilikuwa bado nacheka ndani kwa ndani.

Alfonsi, mlinzi wa ghala, humngoja mume wangu kwenye geti la shule wafuatane kazini. Ni mtu wa Songea, mpole, hasahau kunipa shikamoo. Nimewatazama wakiondoka: bega kwa bega, Alfonsi akisema jambo, Khalfani akitikisa kichwa. Sikujua kama wamekuwa marafiki kiasi hicho.

Alhamisi, 18 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Ilitukuta kabla ya reli. Tulijibanza chini ya bati la kibanda cha kuuzia mkaa, harufu ya vumbi lililolowa ikapanda hadi nikahisi kichwa chepesi.

"Nihadithie njia," Khalfani akasema.

"Nikuhadithie nini? Si tunaiona sote?"

"Nataka kuisikia kwako. Nyie walimu mnajua kueleza."

Basi nikamweleza. Kwamba bonde limejaa mchicha, na mwenye mchicha amevaa mfuko wa sukari kichwani asilowe. Kwamba kuna wanawake wanne kwenye bomba na ndoo kumi na moja. Kwamba reli inang'aa na imenyooka mpaka inapotelea ndani ya mvua, kama imechorwa kwa rula na mtu akachoka kumalizia. Alisikiliza amefumba macho, kama anayeonja mchuzi.

Anataka kuanzia leo nimhadithie kila asubuhi. Jioni tukirudi nimeanza kuviona vitu ambavyo sikuwa naviona, kwa sababu najua ataniuliza.

Jumatatu, 22 Oktoba

Kila mtu anatafuta njia yake. Jirani wa nyuma anazima injini kwenye kila mteremko, gari linateremka kimya kama mzuka. Wa mbele na wenzake watatu wanapanda gari moja, wiki hii la huyu, wiki ijayo la yule, na wameshanuniana kwa ajili ya dirisha. Yuko anayepata lifti ya lori la saruji la Wazo; anafika mweupe kama aliyepakwa unga. Khalfani anapenda nimsimulie hayo.

Mungu anisamehe. Huko Ghuba watu wanavamiana na kuuana, na mie hapa naishukuru petroli.

Jumamosi, 27 Oktoba

Tumegombana.

Bwana Sajid Remtulla, muuza vipuri wa Temeke, ana baiskeli aina ya Finiksi iliyotumika kidogo. Alituita tukipita.

"Bwana Khalfani, chukua hii. Mimi mwenyewe gari nimeliweka, sasa napanda baiskeli. Mke wangu Tahera ananicheka, lakini tazama tumbo!" Akajipiga tumboni kwa furaha.

"Sina umri wa kupanda baiskeli."

"Mimi nina sitini, bwana. Wewe mtoto kwangu."

"Nimesema sitaki!"

Watu waligeuka. Sijawahi kumsikia mume wangu akimpigia mtu kelele barabarani. Nilimwomba radhi Bwana Remtulla kwa macho, tukaenda. Nyumbani nikayamwaga yote: matope yananimaliza, nafika darasani nimelowa, wanafunzi wananicheka.

"Gari hutaki. Basi hutaki. Baiskeli hutaki. Unataka nini wewe?"

"Nataka tutembee," akasema, kwa sauti ndogo.

Nimeiona ni sauti ya mkaidi.

Jumatatu, 29 Oktoba

Mvua. Leo sikumpa mkono. Alijikwaa mara mbili, nikamwacha.

Alhamisi, 1 Novemba

Zamu yangu ya upatu wa walimu imefika, nimekwenda kwa Bwana Remtulla peke yangu, nimeinunua ile Finiksi. Iko stoo ya shule, nyuma ya majembe. Khalfani hajui.

Mwalimu Kokuberwa ananifundisha uwanjani watoto wakishaondoka. Nina miaka arobaini na mitatu, na hakuna mwanamke wa kwetu niliyewahi kumwona juu ya baiskeli. Koku anakimbia nyuma ameshika kiti, ananikaripia kama mtoto wa darasa lake.

"Usitazame gurudumu! Gurudumu linajua kazi yake!"

Leo, mara moja tu, nilisikia sauti yake inatoka mbali. Alikuwa ameniachia zamani. Uwanja ulikuwa umejaa maji na mawingu yako ndani ya maji, nami nikawa napita juu ya mawingu, sisikii chochote ila mnyororo. Kisha nikakumbuka kwamba sijui kusimama, nikaingia kwenye ua wa michongoma.

Jumanne, 6 Novemba

Tumepatana bila kusema kwamba tumepatana. Mkono umerudi. Njiani akasema, "Leo unaukanyaga vibaya mguu wa kushoto." Nilikuwa nimeanguka jana na baiskeli, goti limechunika, lakini limo ndani ya gauni na baibui.

"Umeonaje?"

"Nimesikia," akasema.

Nimelifikiria neno hilo siku nzima, nikiwa na chaki mkononi, darasa likinitazama.

Jumapili, 11 Novemba

Jana ilikuwa harusi ya Lulu, binti wa wifi yangu Najma, huko Kinondoni. Najma ni dada mkubwa wa Khalfani, kwa hiyo mume wangu ndiye mjomba, na mjomba hawezi kukosekana.

Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumatano. Nikasema sitafika kwa watu na matope magotini. Ijumaa nilinunua petroli kwenye dumu, nikaificha jikoni, na jana asubuhi nikalifunua gari mwenyewe na kumimina. Khalfani alinisikia. Alitoka, akasimama, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Mwana, twende kwa basi."

Basi! Wiki sita amekataa basi. Nilimwambia maneno ambayo leo natamani ningeyameza: kwamba kama anaona petroli ina thamani kuliko mke, aseme mbele yangu. Kisha akaninyooshea mkono nimpe funguo.

Alirudisha gari nyuma vizuri, kwa mazoea ya miaka. Uchochoroni alikwenda polepole, kifua kimeegemea usukani. Mie nilikuwa nimejitazamia dirishani, nimeridhika, nasikia raha kukaa mahali pakavu. Tulipokaribia barabara ya Pugu akasimama ghafla katikati ya njia. Hakuna aliyepiga honi. Waipa ilikuwa inakwenda na kurudi.

"Mwana," akasema, "pale mbele ni mtu au nguzo?"

Nikatazama. Hatua kumi mbele yetu palikuwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, amejifunika kanga ya njano, anangoja tumpishe. Njano kabisa, katikati ya mvua ya kijivu.

"Ni mtu," nikasema.

"Amesimama au anakuja?"

Niliivuta breki ya mkono kwa mikono yangu yote miwili. Yule mwanamke akafikiri tumempisha. Akainua kiganja kushukuru, akavuka.

"Amepita?" Khalfani akauliza.

"Amepita."

Akazima injini. Akaweka mikono juu ya usukani, akaanza kusema huku anatazama mbele, na nikajua kwamba mbele hakuna anachokiona ila weupe.

"Tangu Ramadhani. Kwanza nilidhani kioo kichafu, nikawa nakisugua. Magazeti nikakupa unisomee, ukadhani napenda sauti yako, na kweli naipenda. Gari niliendesha kwa mazoea. Njia naijua kwa mashimo yake. Septemba nilimkosa mtu wa mkokoteni kwa upana wa kidole. Wewe ulikuwa unasahihisha madaftari, hukuinua kichwa. Nilikuwa natafuta sababu ya kuliweka gari, sipati. Petroli ilipopanda nilimshukuru Mungu."

Wanaume waliokuwa wanajikinga mvua kwenye genge walikuja kuuliza kama gari limeharibika. Nikasema ndiyo. Mmoja akakaa kwenye usukani, wengine wakasukuma kulirudisha nyumbani, mume wangu akasukuma pamoja nao kwa mkono mmoja. Mkono mwingine nilikuwa nimeushika mie.

Harusini tulifika kwa mabasi mawili. Nilimwambia, "Ngazi mbili. Chuma kiko kulia." Mjomba alikaa mahali pake, akapokea salamu zote kwa sauti, na hakuna aliyejua.

Sasa natazama mkono wangu huu wa kulia. Kumbe wiki zote zile, katika ule ukungu, mie nilikuwa nimeshikwa mkono na mume wangu, na yeye alikuwa ameshika fimbo.

Jumatatu, 12 Novemba

Tumetembea. Nimemhadithia njia. Sauti yangu ilikuwa mbaya.

Jumatano, 14 Novemba

Nimemkabili Alfonsi getini. Nikamwuliza tangu lini anajua.

"Tangu Juni, mwalimu. Alitoa magunia ya mbegu mahali pa mbolea. Tangu hapo mimi namsomea lebo, yeye anaandika."

"Na hukuniambia."

"Aliniomba." Akavua kofia, mvua ikamlowesha. "Alisema: mke wangu akijua, atanitazama kama mgonjwa. Na kwa sasa ananitazama vizuri sana. Ndivyo alivyosema."

Nilikwenda darasani nikaandika tarehe ubaoni, nikaifuta, nikaiandika tena.

Jumamosi, 17 Novemba

Asubuhi nimemwuliza. Tulikuwa barazani, mvua imetulia, matone yanadondoka kutoka kwenye bati moja moja.

"Ule mkono. Ulikuwa wa macho?"

Hakujifanya hajaelewa. "Siku za kwanza ulikuwa wa macho," akasema.

Nikangoja. Hakuongeza. Akanywa chai yake. Taratibu, kama maji yanavyopanda kisimani, nikaelewa kwamba ameshajibu.

Kisha tukazungumza kweli. Baba yake alitiwa sindano machoni na mganga wa kupita, akawa kipofu siku hiyo hiyo, na Khalfani, mtoto wa miaka tisa, ndiye aliyemshika kichwa. Sasa nimejua kwa nini hakwenda hospitali. Nikamwambia Jumatatu tunakwenda, na kichwa chake nitakishika mie.

Jumatatu, 19 Novemba

Daktari wa macho ni mama mfupi mwenye sauti ya upole. Amemwangalia kwa kurunzi. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Ataanza na hilo Jumatatu ijayo. "Hii si sindano ya mganga, baba," akasema, maana nilikuwa nimemwambia.

Jumanne, 20 Novemba

Jana jioni niliileta baiskeli nyumbani, nikamwambia. Akasema, "Ndiyo sababu ya goti." Leo asubuhi nimempakia.

Tulianza kwenye njia kavu baada ya reli. Nilimkalisha kwenye kerea nyuma, mikono yake kiunoni mwangu, nikasukuma mguu wa kwanza, tukayumba kama walevi, kisha hewa ikatushika. Hakuwa mzito kama nilivyoogopa. Watoto walikimbia ubavuni wakipiga kelele, "Mwalimu kapakia mume! Mwalimu kapakia mume!" Nikapiga kengele kuwafukuza, wakafurahi zaidi. Nyuma yangu Khalfani alikuwa anasema polepole, "Upepo. Mwana, kuna upepo."

Jioni wifi Najma amefika, baibui halijatulia mabegani.

"Mdogo wangu kubebwa nyuma na mwanamke! Temeke nzima inacheka! Wifi, ndiyo heshima gani hii?"

Khalfani ndiye aliyejibu.

"Dada, mie siwaoni wanaocheka."

Najma alidhani kejeli. Akamtazama. Akapunga mkono mbele ya uso wa mdogo wake, mara moja, mara mbili. Kisha akakaa chini pale pale kwenye sakafu na kulia, na mume wangu akawa anamtafuta kichwa ambembeleze.

Kabla ya kuondoka aliniuliza pembeni kama baiskeli ina mto wa kukalia. Kesho atashona.

Jumatatu, 26 Novemba

Amepasuliwa. Nilimshika kichwa mpaka mlangoni, ndani hawakuniruhusu.

Ijumaa, 30 Novemba

Shule imefungwa. Koku anakwenda kwao Bukoba likizo. Ameniachia pampu yake. Wodini Khalfani amelala chali, bandeji jichoni, mfuko wa mchanga kila upande wa kichwa asijigeuze. Nimekaa naye nikamhadithia njia yote, kutoka turubai la gari mpaka geti la shule, ingawa leo sikuipita. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaomba nirudie pale kwenye mchicha.

Jumamosi, 15 Desemba

Amepewa miwani. Vioo vinene kama vitako vya chupa, macho yamekuwa makubwa kama ya samaki. Alinitazama muda mrefu. Nikaanza kulia.

"Usinilize na mie," akasema, "miwani itaingia ukungu."

Jumanne, 18 Desemba

Nimeamka kitanda kitupu. Uani hayupo, msikitini walisema alisali akaondoka. Turubai lilikuwa juu ya gari kama kawaida. Nilivuta baiskeli nikaingia kijia cha Vituka, nikimwona kila shimoni na kila mtaroni.

Nilimkuta relini. Amesimama juu ya tuta, viatu mkononi, matope mpaka kwenye goti, jua linamchoma miwani.

"Umenitisha!"

"Nimekuja kuiona," akasema. "Miezi miwili napita hapa. Nikasema kabla mchicha haujang'olewa niione."

Nikakaa kwenye jiwe nipumue. Akawa ananionyesha: bomba lile, kibanda cha mkaa kile. Matope, alisema, ni mabaya kuliko nilivyoeleza. Mie nilikuwa namdekeza. Bonde ni dogo kuliko alivyofikiri. Reli ni kweli.

"Lakini jambo moja hukuniambia kabisa."

"Lipi?"

"Ukisimama hapa ukageuka nyuma, nyumba yetu inaonekana."

Nikageuka. Mbali sana, kati ya minazi, kweli kuna kipande cha bati chekundu, bati letu, linawaka juani. Nimepita hapa siku hizi zote, asubuhi na jioni. Asubuhi sikuwahi kugeuka nikiwa hapa juu, na jioni macho yangu yalikuwa chini kwenye matope.

Tulisimama tukiitazama. Nikamwuliza kuhusu gari. Kuna mtu wa Kiwalani anataka kuja kulitazama. Akasema na aje. Nikamwambia petroli huenda ikashuka vita vikiisha. Akasema huenda.

"Sasa turudi," nikasema. "Hata chai hujanywa. Shule imefungwa, wewe una likizo ya ugonjwa, hatuna pa kwenda."

Alikuwa ameshaishika baiskeli, anaivusha reli, chuma cha kwanza, chuma cha pili, anatazama kila anapokanyaga.

"Twende tu," akasema.

Tukaenda.